Kuandaa mkusanyiko wa ukoo wa Kiskoti: mwongozo kamili, kuanzia barua ya kwanza hadi makaburini

Naandika hii kwa wenzangu mliooa au kuolewa huku Uskoti, au mko Kanada na Marekani na watoto wenu wana majina kama MacRae, Campbell, MacLeod, MacGregor, alafu siku moja mama mkwe anakwambia mwaka keshokutwa tunakusanya ukoo mzima na jina lako tumeshaliweka kwenye kamati. Wengi tunaitikia tukidhani ni pati ya kilti (ile sketi ya wanaume wa Kiskoti) na bagpaipu (zumari lao la mfuko), kumbe ni kazi kubwa yenye heshima zake, na ikifanywa vizuri watoto wanatoka pale wanajua upande wa pili wao ni nani. Wakwe zangu ni MacRae wa bonde la Kintail, magharibi mwa Uskoti, kwa hiyo mifano mingi nitaitoa huko, ila hatua zenyewe zinafaa ukoo wowote.

Kwanza uelewe kinachofufuliwa ni kitu gani, manake bila hapo utapanga sherehe tupu. Tarehe 16 Aprili 1746 pale Culloden karibu na Inverness jeshi la Charles Edward Stuart, mwanamfalme aliyetaka kurudisha ufalme wa Uingereza kwa familia yake, ambalo lilijaa watu wa koo za Nyanda za Juu (Highlands, milima ya kaskazini mwa Uskoti), lilishindwa na jeshi la serikali ndani ya muda usiofika saa nzima, na baada ya hapo serikali ya London ikawanyang'anya machifu mamlaka yao ya kuhukumu watu, ikakusanya silaha, na miaka hiyohiyo mwanamume wa kawaida wa Nyanda za Juu akakatazwa kuvaa kilti na tartani (kile kitambaa cha miraba), marufuku ambayo ilidumu mpaka 1782. Alafu ukaja msiba mkubwa zaidi kwa maoni yangu, wenye ardhi wakaanza kuwaondoa wapangaji ili waweke kondoo, toka nusu ya pili ya karne ya 18 mpaka katikati ya karne ya 19, na watu wakapakiwa melini kwenda Nova Scotia, North Carolina, Australia, New Zealand. Baadhi ya waliowafukuza walikuwa machifu wao wenyewe. Kwa hiyo unapoita mkusanyiko leo unawaita watu ambao ndugu zao waliachana bandarini miaka 200 iliyopita na hawajawahi kuonana tena.

Ndo maana msimamo wangu uko hivi: moyo wa mkusanyiko ni meza ya nasaba na makaburi, ngoma na chakula vinakuja kuzunguka hapo. Nimeona mikusanyiko iliyopangwa kinyume, jukwaa kubwa, spika, kilti za kukodi, na watu wanarudi Toronto hawajajua hata babu yao alitoka bonde gani. Inauma sana.

Hatua ya 1: Jua ukoo wako una chifu au hauna

Hili liwe la kwanza kabisa, kabla ya ukumbi, kabla ya tarehe. Uskoti kuna ofisi ya Lord Lyon, iko Edinburgh, ndo yenye mamlaka ya kisheria juu ya nembo na ndo inayotambua nani ni chifu wa ukoo gani. Kuna pia baraza la machifu wenyewe, Standing Council of Scottish Chiefs, lililoanzishwa 1952. Kama ukoo una chifu, mwandikie barua ya heshima, barua kweli ya karatasi ukiweza, mweleze nia yenu na umwombe baraka kabla hamjatangaza chochote. Chifu akisikia habari kwa watu wengine mmeshaanza vibaya.

Kama ukoo hauna chifu msikate tamaa. MacRae hawana chifu anayetambuliwa, mwaka 1909 mmoja aliomba, mwingine wa ukoo huohuo akampinga, ikaishia hapo, na bado ukoo uko hai mpaka leo. Buchanan wao walikaa bila chifu tangu 1681 mpaka 2018, na Oktoba 2022 wakafanya sherehe ya kumsimika wa kwao. Kuna utaratibu wa kuitisha kikao rasmi cha ukoo chini ya usimamizi wa Lord Lyon, watu wanapendekeza kiongozi wa muda, na akikaa miaka kadhaa bila mwenye haki zaidi kujitokeza basi anaweza kuombewa uchifu.

Angalia pia kama jumuiya ya ukoo ipo tayari. Mara nyingi ipo. Ya Buchanan ni ya 1725, inahesabiwa kuwa kongwe kuliko zote, ya MacGregor ilianza 1822, ya MacLeod 1891. Jiungeni nayo msianzishe ya pili pembeni, mambo ya jumuiya mbili za ukoo mmoja zinazonuniana yapo na yanachosha.

Kitu kidogo ila watu wanakikosea kila siku: nembo. Ile beji ya ukoo yenye mkanda wenye bizimu ulioizunguka ndo beji ya mwanaukoo, maana yake namfuata chifu mwenye nembo hii. Nembo yenyewe bila mkanda ni mali binafsi ya chifu. Manyoya matatu ya tai kofiani ni ya chifu, mawili ni ya mkuu wa tawi, moja ni la mtu mwenye nembo yake iliyosajiliwa. Usije ukaagiza fulana 200 zenye nembo ya chifu na manyoya yake matatu, itakubidi uzifungie stoo.

Hatua ya 2: Kamati na hela

Anzeni miezi 18 hadi 24 kabla. Wanaotoka nje wanahitaji muda wa kuomba likizo na kuweka akiba ya nauli, na hoteli za Nyanda za Juu zinajaa mapema mno.

Kamati isizidi watu saba. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mtu wa nasaba, mtu wa mawasiliano na wa nje, na huyu ambaye wengi wanamsahau, mwenyeji wa pale pale bondeni anayejua mwenye ukumbi, mchungaji, mwenye basi na mpiga bagpaipu kwa majina yao. Bila mwenyeji utalipa kila kitu bei ya mtalii na utapata majibu ya barua pepe baada ya wiki tatu.

Akaunti ya benki iwe kwa jina la jumuiya, watia saini wawili, na wasiwe mke na mume. Gawa bajeti mara mbili: gharama ambazo zipo hata wakija watu kumi (ukumbi, bima, mpiga bagpaipu, tenti, basi) na gharama za kila kichwa (chakula, kitambulisho, kabrasha). Kiingilio kipangwe ili gharama za kundi la kwanza zilipike hata ikija nusu ya mnaowatarajia. Msitegemee wadhamini ambao hawajasaini. Mwaka 2009 pale Holyrood Park, Edinburgh, ulifanyika mkusanyiko mkubwa wa koo zote, zaidi ya watu 40,000 wakafika, wakaandamana barabara ya Royal Mile kwa fahari kubwa, machozi yakawatoka watu, ila kampuni iliyoandaa ikabaki na madeni ya mamia ya maelfu ya pauni na wafanyabiashara wengi wadogo hawakulipwa. Umati unaweza kujaa na hesabu ikakataa.

Bima ya dhima kwa umma lazima, na kama mtakuwa na tenti, jukwaa na umma wa nje kuingia, ulizeni halmashauri mapema kuhusu kibali cha burudani. Kwa pombe mnahitaji leseni ya muda toka bodi ya leseni ya eneo hilo, mimi nashauri maombi yaende angalau wiki nane kabla.

Hatua ya 3: Mahali na tarehe

Nendeni kwenye ardhi yenyewe. Edinburgh ni rahisi kwa ndege lakini mtu ametoka Nova Scotia hajaja kuona hoteli, amekuja kukanyaga mahali ambapo jina lake lilianzia. MacLeod tangu 1956 wanakutana kasri la Dunvegan kisiwani Skye, siku hizi kila baada ya miaka minne, wanaiita bunge la ukoo, na nguvu ya ile kitu ni kwamba mtu anaingia kwenye nyumba ambayo machifu wameishi kwa karne na karne. MacRae wana Kintail na kasri la Eilean Donan, lile ambalo picha yake iko kwenye kila kalenda, lililipuliwa na manowari za serikali 1719 na likakaa magofu karibu miaka 200 mpaka mmoja wa MacRae akalijenga upya, kazi ikaisha 1932. Kama ukoo wenu hauna kasri hata uwanja wa kijiji na ukumbi wa kanisa vinatosha kabisa, ilimradi ni pale.

Tarehe: Mei na mwanzo wa Juni, au Septemba. Julai na Agosti vyumba vinakwisha, barabara za njia moja zinajaa karavani, na kuna wale wadudu wadogo wanaoitwa midge, wanatoka asubuhi na jioni kukiwa na unyevu na hakuna upepo, wanaweza kuvunja shughuli ya nje ndani ya dakika kumi. Kama mnataka kuunganisha na michezo mikubwa ya Nyanda za Juu, ya Braemar hufanyika Jumamosi ya kwanza ya Septemba, ya Cowal pale Dunoon ni mwisho wa Agosti.

Suala la viza msiliache mwishoni. Wamarekani, Wakanada, Waaustralia na watu wa New Zealand tangu Januari 2025 wanahitaji kile kibali cha elektroniki cha kusafiria, ETA, kabla ya kupanda ndege. Ndugu zetu wa Tanzania, Kenya, Uganda wanahitaji viza ya mgeni, kwa hiyo kama mashemeji toka Arusha au Mombasa wamealikwa, na waalikwe, katibu aandike barua ya mwaliko yenye tarehe, mahali pa kulala na nani anagharamia, aitoe miezi minne au mitano kabla.

Hatua ya 4: Meza ya nasaba

Hapa sasa ndo nitakaa.

Miezi sita kabla, kila aliyejiandikisha atumiwe fomu fupi: babu au bibi wa mwisho unayemjua kwa jina, alizaliwa wapi, alihama lini, meli gani kama inajulikana, majina ya ndugu zake. Na tahajia zote. MacRae mmoja utamkuta ni McRae, MacRa, McCrae, McCraw, yote ni karani mmoja kusikia hivi na mwingine vile, msimkatae mtu kwa sababu ya herufi. Kuna pia majina yasiyofanana kabisa na la ukoo lakini yalikuwa chini ya ulinzi wake, hao nao ni wenu.

Mtu wa nasaba aanze na tovuti ya ScotlandsPeople, ndo hazina rasmi ya rekodi, unafungua akaunti unanunua krediti, au unaenda kwenye kituo chao Edinburgh. Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza 1 Januari 1855. Cheti cha kifo cha Uskoti tangu hapo kinaandika baba na mama wa marehemu, pamoja na jina la mama la kwao kabla ya kuolewa, kwa hiyo mzee aliyekufa 1860 akiwa na miaka 80 anaweza kukuvusha mpaka wazazi waliozaliwa katikati ya karne ya 18. Vyeti vya 1855 wenyewe ni dhahabu tupu, mwaka huo tu waliandika maelezo ya ziada mengi alafu wakapunguza kwa sababu kazi ilikuwa nzito mno. Nyuma ya 1855 unategemea vitabu vya parokia, ambavyo Nyanda za Juu vinaanza kwa kuchelewa na vina matundu. Sensa zilizo wazi kusomwa zipo kila miaka kumi kuanzia 1841 hadi 1921.

Vitu viwili vitakuokolea wiki nzima. Cha kwanza, wanawake wa Uskoti waliendelea kuandikwa kwa jina la kwao kwenye rekodi na kwenye mawe ya makaburi, usitafute bibi kwa jina la mume tu. Cha pili, utaratibu wa kupeana majina: mtoto wa kiume wa kwanza anapewa la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, binti wa kwanza la bibi mzaa mama, wa pili la bibi mzaa baba. Sio kila familia ilifuata, ila ukiona watoto wanne wamepangika hivo umeshapata babu na bibi wote wanne bila cheti. Na sisi wa pwani tuna faida moja, kwa Kigaeli mtu alijulikana kwa mnyororo, Iain mwana wa Dòmhnall mwana wa Alasdair, sawasawa na bin wa bin wetu, kwa hiyo mzee akianza kuutaja usimkatize kuuliza jina la ukoo, andika mnyororo wote kama ulivyo.

Siku yenyewe meza iwe katikati ya ukumbi, pana mwanga na viti vya kutosha, sio kona ya karibu na choo. Weka ramani kubwa ya bonde yenye majina ya vijiji vilivyokufa, na pini. Weka karatasi ndefu ya roli, ile ya kutandikia meza, ichorwe matawi yanayojulikana na kuachwa nafasi watu wajaze kwa penseli. Skana ndogo ya picha, laptopu mbili, mtu wa kuongea na mtu wa kuandika, kila mmoja kazi yake. Bibi mmoja toka Ontario alitoa kwenye mkoba picha imefungwa ndani ya leso, wanaume wawili mbele ya nyumba ya mawe, akasema nyuma imeandikwa jina la shamba tu hajui ni wapi, na mchungaji kondoo wa pale pale aliyekuwa anakunywa chai akainama akaangalia ule mlima nyuma ya paa akasema hiyo ni juu kwetu, kuta bado zipo. Kesho yake asubuhi akampeleka na gari lake. Huwezi kuliweka hilo kwenye ratiba, unachoweza ni kuiweka meza mahali ambapo wale watu wawili watakutana.

Vipimo vya DNA vinasaidia hasa ule wa mstari wa baba, kuna miradi ya majina ya ukoo kwa ajili hiyo, ila usimlazimishe mtu na usitangaze matokeo hadharani, kuna siri za familia mle ndani. Taarifa za walio hai zinalindwa na sheria ya data, pata idhini ya maandishi, na usichapishe tarehe ya kuzaliwa ya mtu aliye hai.

Na hili naliomba kwa moyo wote: milango iwe wazi kwa kila anayebeba jina. Jamaika imejaa Campbell, na wengi walilipata jina hilo kwa sababu Waskoti walikuwa wenye mashamba na wasimamizi wa watumwa. Huyo Campbell mweusi akija, meza ya nasaba impokee kama inavyompokea wa Kanada, na historia ya jinsi alivyolipata jina isemwe kama ilivyo. Sisi wa Afrika Mashariki nasi tuna uzi wetu humu, yule Sir William Mackinnon aliyeongoza kampuni ya Imperial British East Africa iliyopewa hati ya kifalme 1888 alikuwa mtu wa Campbeltown, na misheni ya Kiskoti ilikaa Thogoto kule Kikuyu tangu 1898. Urithi wa ukoo una ushujaa na una haya mambo pia, mkiyaficha watoto watayakuta wenyewe na hawatawaamini tena.

Hatua ya 5: Ratiba ya siku tatu

Ijumaa mchana usajili. Kitambulisho kiandikwe jina la kwanza kubwa, chini mahali mababu walikotoka na mahali unakoishi, hapo mazungumzo yanaanza yenyewe. Jioni supu na muziki mwepesi, watu wamechoka na safari.

Jumamosi ndo siku kubwa. Maandamano mafupi, mpiga bagpaipu mbele, alafu chifu au mwenyekiti, alafu matawi kwa mpangilio mliokubaliana mapema kwa maandishi, manake ugomvi wa nani anatangulia ni wa kale na bado upo. Mpiga bagpaipu mwambieni wimbo mnaotaka, na msimweke ndani ya ukumbi mdogo. Mkitaka sherehe ya kuitwa kwa koo, michezo ya Grandfather Mountain kule North Carolina, iliyoanza 1956, wana desturi nzuri ya usiku, wawakilishi wanakuja na mienge na kila mmoja anatangaza kuwa ukoo wake umefika. Mnaweza kufanya kwa matawi ya ukoo mmoja, ila zimamoto wajue.

Michezo mizito kama kurusha gogo waachieni wanamichezo wa kamati za michezo za eneo hilo, lile gogo lina urefu wa zaidi ya mita tano na ni hatari. Waelezeni wageni wanachokiangalia: umbali hauhesabiwi, gogo linatakiwa lipinduke lianguke limenyooka mbele ya mrushaji, kama mshale unaoelekea namba 12 juu ya saa ya ukutani. Watoto wawekewe kuvuta kamba.

Usiku ngoma, ceilidh. Msidhani kila mtu anajua kucheza, hata Waskoti wenyewe wa mjini wamesahau. Kodi bendi yenye mtu wa kuita hatua, aanze na Gay Gordons kwa sababu ni ya wawiliwawili na inajirudia, Strip the Willow ije baadaye watu wakishapata joto, na sakafu isiwe ya zulia. Wazee wapewe viti vya pembezoni wanakoona vizuri. Mwisho duara na ule wimbo wa kuagana, Auld Lang Syne, mikono inapishanishwa kwenye ubeti wa mwisho tu.

Jumapili asubuhi ibada na makaburi, mchana mkutano mkuu wa jumuiya, mfupi, na kuagana.

Hatua ya 6: Mavazi

Sitakaa sana hapa. Kilti kamili inakula yadi nane za kitambaa, ni ghali, kukodi hakuna aibu. Marinda yanakaa nyuma, mbele pamelala bapa. Tartani zimesajiliwa kwenye rejista ya taifa iliyofunguliwa 2009, angalia humo mnayotumia ni ipi kabla ya kuagiza skafu. Hakuna sheria inayomzuia mtu kuvaa tartani ya ukoo fulani, kwa hiyo kijana wako mchanganyiko akiambiwa na mtu kwamba hii si yako, mjibu kwa utulivu kwamba ni ya mama yake. Kile kisu kidogo cha soksini kinaruhusiwa Uskoti kama sehemu ya vazi la taifa, ila kwenye ndege kiende kwenye mzigo wa chini, wengi wamenyang'anywa uwanja wa ndege.

Hatua ya 7: Chakula

Haggis ni moyo, ini na mapafu ya kondoo, unga wa oat, kitunguu, mafuta na viungo, inaliwa na viazi na tanipu za kupondwa. Mtu wetu yeyote anayekula matumbo ataipenda. Agizeni na ya mboga, na ya halali kwa wanaohitaji, ipo, mwulize mchinjaji mapema na ipikwe sufuria yake. Mkifanya mkusanyiko Marekani jueni haggis yenye mapafu imepigwa marufuku huko tangu 1971, mtapata ya kienyeji isiyo nayo. Wiski itolewe kwa kipimo na iwepo meza yenye chai na juisi iliyopambwa vilevile, wasiokunywa wasijisikie wageni. Na mabasi ya kurudisha watu yawepo, tangu Desemba 2014 kiwango cha pombe kwa dereva wa Uskoti ni kidogo kuliko England na wageni wengi hawajui.

Hatua ya 8: Makaburini

Makaburi mengi ya zamani yako chini ya halmashauri, andikeni kuomba ruhusa ya kwenda kundi. Magofu yaliyohifadhiwa kisheria yanahitaji ridhaa ya Historic Environment Scotland, taasisi ya serikali ya mambo ya kale, kwa chochote kinachogusa ardhi, hata kigingi cha tenti, na kifaa cha kutafuta vyuma msilete kabisa. MacRae wanazikwa Clachan Duich, kanisa lisilo na paa kichwani mwa ghuba ya Loch Duich, nyasi ndefu, mawe mengine yamelala chini ya matope, kwa hiyo viatu vya mvua na mtu wa kuwashika wazee mkono.

Jiwe lisilosomeka usilisugue. Usiweke chaki, unga, povu la kunyolea, wala brashi ya waya, na ule ukoga wa kijivu unaoshika jiwe usiubandue kwa sababu unaondoka na herufi. Chukua tochi kali au kioo, pitisha mwanga kwa ubavu karibu kabisa na jiwe, kivuli kinaingia kwenye michongo na unaona mwaka, jina, na jina la kwao la mke linajitokeza kidogokidogo. Piga picha hapohapo, andika namba ya safu. Kazi hii wapeni vijana wa miaka 12 hadi 18, wawiliwawili, wanaifanya vizuri kuliko watu wazima na hawaisahau.

Baadaye simameni, mmoja wa wazee asome majina ya waliozikwa, kila tawi likisikia lake liitikie. Mpiga bagpaipu apige maombolezo mamoja tu akiwa mbali kidogo. Pasiwe na hotuba.

Kama mnapitia Culloden, mawe ya koo yaliyowekwa 1881 yanaonyesha makaburi ya pamoja, watu wamelala pale, kwa hiyo hakuna kula wala kukaa juu ya vile vilima. Kumbukumbu ya mwaka hufanyika Jumamosi ya karibu na 16 Aprili na shada za koo huwekwa.

Hatua ya 9: Lugha

Kamati nyingi zinaruka hapa na mimi sielewi kwa nini, manake mababu wa Kintail waliota, walilia na kuapa kwa Kigaeli. Sensa ya 2022 ilikuta watu kama 130,000 Uskoti wenye ujuzi fulani wa lugha hii, wengi wao si wasemaji kamili. Weka somo la saa moja Jumamosi asubuhi, salamu, majina ya milima ya pale, na ukelele wa vita wa ukoo. Wa MacRae ni Sgùrr Uaran, ni mlima unaouona ukisimama pale bondeni, wafundishe watoto wakiwa wanautazama. Walimu wapo, chuo cha Sabhal Mòr Ostaig kisiwani Skye kinafundisha kwa Kigaeli tangu 1973, waulizeni watawaelekeza.

Na kwenye ibada, kama kuna kanisa linaloweza, ombeni zaburi moja kwa mtindo wa Kigaeli: mwimbishaji anatoa mstari peke yake, waumini wanaupokea, kila mtu kwa mapambo na mwendo wake, sauti zinapishana na kurudi pamoja, hakuna kinanda. Wageni waambiwe kabla kwamba wanaruhusiwa kunyamaza tu na kusikiliza.

Hatua ya 10: Baada ya watu kuondoka

Ndani ya mwezi mmoja: picha zote zilizoskaniwa zirudi kwa wenyewe kwa barua pepe, karatasi ya roli ipigwe picha na kunakiliwa kwenye programu ya nasaba, orodha ya mawe ipelekwe halmashauri na chama cha historia cha eneo hilo. Sauti za wazee mliowarekodi zihifadhiwe sehemu mbili tofauti, na kila faili liandikwe jina, mahali na tarehe siku hiyohiyo. Hesabu zitumwe kwa wanachama wote, hata kama ziko vizuri na hakuna aliyeuliza. Grupu la wasapu msilifunge, ila mpeni mtu mmoja kazi ya kujibu maswali ya nasaba yatakayoendelea kuingia, yataingia mengi. Tarehe ya mkusanyiko unaofuata ipigiwe kura Jumapili ileile kabla ya mabasi kuondoka, na kamati mpya iwe na angalau wawili wenye umri chini ya miaka 30 na mmoja anayeishi nje ya Uskoti.